Jumamosi Kumi na Moja

Shirere, Kakamega
Jumamosi, saa saba mchana

Khasandi, mama yangu,

Uko jikoni na mama yako, mnapika chapati za safari na kunicheka. Nawasikia. Mnasema mzee amejifungia chumbani kusahihisha mitihani ya watoto wa watu siku ambayo binti yake anafunga sanduku. Wacha mcheke. Hapa mezani hakuna mtihani wowote. Kuna karatasi na kalamu, na mimi niliyefundisha insha miaka ishirini na mitatu na sasa nimekwama kwenye aya ya kwanza.

Mambo ya kesho sitayagusa. Mama yako ameshakwambia habari za basi, za baridi ya Meru huko chuoni, na za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako. Kama kuna alilosahau atakupigia simu hata kabla hujafika Kisumu, unamjua. Mimi nina jambo moja tu, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Lile darasa la kina mama la Khayega halikufungwa. Nilikudanganya.

Nimeandika hivyo nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Sasa nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana upande wangu hujawahi kuuona.

Ulikuwa kidato cha tatu shule ilipowaletea ile klabu ya huduma. Kila mmoja alipewa kijitabu cha kijani chenye nafasi ishirini, Jumamosi ishirini za kuwatumikia watu, na kila Jumamosi itiwe sahihi na msimamizi wa kituo. Ukimaliza unapata cheti na beji. Wenzako walichagua kazi nyepesi: wengine kufagia soko, wengine kupanda miti mitatu zahanati na kupigwa picha na jembe. Wewe ukachagua ngumbaru. Ulisema utakwenda Khayega kuwasaidia wazee kujifunza kusoma, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa Madam Ingasia, yule nesi mstaafu aliyeanzisha darasa lile.

Nilicheka. Nilikwambia, "Utachoka Jumamosi ya pili."

Ukanijibu, "Baba, wewe hufundishanga kila siku na hujachoka."

Hukuchoka. Ulikuwa ukirudi jioni na chaki kwenye sketi, unaanza kuhadithia kabla hujavua viatu. Ndivyo nilivyomjua kukhu Mmbone kabla sijamwona kwa macho: yule bibi anayeuza ndizi nje ya ukumbi, ambaye aliacha ndizi zake zilindwe na jirani ili aingie darasani. Uliniambia hakutaka kusoma magazeti wala kuandika barua. Alitaka kitu kimoja, kuandika jina lake, ili siku ya kuwagawia wanawe shamba atie sahihi kama mtu mzima. Ulimwigiza sauti: "Karani anashikanga kidole yangu kama ya mtoto, anaifinya kwa wino. Mimi nimezaa watoto saba." Na kwa kuwa mkono wake uliogopa kalamu, ulimwanzisha na maharagwe, mkawa mnapanga herufi kwa maharagwe juu ya benchi. Nilikusikiliza nikiwa na gazeti mbele ya uso ili usione ninavyofurahi. Sijui kwa nini nilificha hata hilo.

Halafu matokeo ya muhula wa pili yakaja. Hesabu, C. Kemia, C. Najua sasa kwamba hayakuwa matokeo ya kuleta msiba nyumbani, lakini mimi ni naibu mwalimu mkuu, Khasandi, na katika chumba chetu cha walimu watoto wetu hujadiliwa kuliko wanafunzi. Mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya watu, tena kwa upole wa kuumiza, kama ni kweli binti yangu siku hizi anafundisha badala ya kufundishwa. Wakacheka. Nami nikacheka. Jioni hiyo nikaenda kwa yule kijana wa chuo aliyepanga hapa nyuma yetu, nikakuandikisha tuisheni ya kila Jumamosi.

Ningeweza kukukataza waziwazi. Mzazi ana haki hiyo. Lakini nilijua ungebishana nami, na nilijua kwamba huenda ungeshinda, kwa sababu ulikuwa na sababu nzuri kuliko zangu. Kwa hiyo nikachagua njia ya mtu mwoga. Baada ya Jumamosi yako ya tisa nilikuketisha nikakwambia Madam Ingasia amenipigia, ukumbi umechukuliwa na kanisa, darasa limefungwa. Na Madam nikampigia kweli, nikamwambia wewe unaumwa, daktari amesema upumzike muda mrefu. Akasikitika sana, akauliza kama anaweza kuja kukuona. Nikamwambia asihangaike.

Uliniuliza swali moja tu. "Walisema ni kwa sababu gani?" Nikasema sijui.

Kikabaki kijitabu. Kilikuwa na sahihi tisa na nafasi kumi na moja tupu, na bila kukijaza hungepata cheti. Hapa sasa lazima nikueleze kitu ambacho walimu hatuwaambii watoto wetu. Wakaguzi wakisemekana wako njiani na rejista ina mapengo, sisi hukaa na chai na kujaza wiki tatu kwa kikao kimoja. Tunabadilisha kalamu ili isionekane ni kazi ya siku moja. Mimi ni fundi wa kazi hiyo. Vijana huniletea rejista zao niwaonyeshe. Basi nilichukua kijitabu chako nikakifanyia vivyo hivyo. Niliandika kwamba Jumamosi kumi na moja ulikuja shuleni kwangu kuwasaidia watoto wa gredi ya pili kusoma. Kalamu mbili za bluu, moja nyeusi. Jumamosi moja nikaiangushia tone la chai, kwa makusudi. Nikagonga muhuri.

Ulikifungua hapo sebuleni, ukasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba, hizi siku mimi sikuwa huko. Nilikuwa tui, kwa yule kijana wa nyuma."

"Wewe peleka. Ni utaratibu tu."

"Lakini si ukweli."

Nikakuuliza kama unataka kunifundisha kazi yangu. Ulikifunga kijitabu polepole ukaenda chumbani. Nimewahi kuwachapa watoto wa watu kwa kunakili jibu moja la hesabu. Wewe sikukuchapa maishani, ila siku ile nilikufanyia kibaya zaidi, nilikulazimisha ubebe uongo wangu kwa mikono yako hadi shuleni.

Siku ya vyeti nilisimama kukupigia makofi, wazazi wengine wameketi. Ulipita mbele ukiangalia chini. Nikamwambia mama yako una haya.

Sasa nifike kwenye ile kuku. Hili ndilo nimelikwepa zaidi ya yote, na mama yako mwenyewe nilimwambia mwezi huu tu. Akasema, "Baba Khasandi, hiyo utamwambia mtoto wewe mwenyewe, na utamwambia kabla hajatoka kwa hii nyumba." Tangu hapo ananiangalia kila asubuhi bila kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya pili baada ya mimi kusema unaumwa. Uko tuisheni, mama yako yuko matangani. Nikasikia pikipiki langoni, kisha hodi ya mtu mzima. Nikamkuta bibi mmoja mwembamba, kiatu cha mvua, leso kiunoni, na ingokho kwapani, kuku nyekundu iliyofungwa miguu. Hakuhitaji kujitambulisha. Nilimjua kwa sauti yako ya kumwigiza.

"Mwarimu, nimekuja kuona mtoto."

Nikasema umelala. Nikasema daktari amekataza wageni. Yalitoka kwa urahisi, kama vile niliyaandaa.

"Basi usimwamshe. Mpee hii ingokho anywe supu. Mtoto wa kusoma asikose damu." Kisha akatoa karatasi kwenye leso, imekunjwa mara nne. "Na hii mpee. Mwambie nimefika hapo peke yangu. Ile ingine ataniongezea akipona."

Ilikuwa nusu ya jina lake, kwa kalamu, herufi kubwa zilizolala upande. Karatasi hiyo nimeikunja ndani ya barua hii. Imekaa kwenye droo ya meza yangu muda wote huu, chini ya chaki, na ni yako.

Sikumkaribisha hata maji. Bibi wa umri ule, ametoka Khayega na kuku, na mimi nimeziba mlango kwa mwili wangu nikiogopa usije ukarudi mapema. Alinishukuru. Akapanda pikipiki akaenda zake.

Unaikumbuka kuku ile. Ulisema, "Leo baba umeamua," ukauliza tunasherehekea nini, nikasema nimeipata sokoni bei nzuri. Mama yako alipopakua nikachukua imondo, ile firigisi ambayo katika nyumba yoyote ya kwetu ni ya mwenye nyumba na haiguswi na mtu mwingine, nikaiweka kwenye sahani yako. Ulishangaa. Mama yako alishangaa zaidi, akaniuliza kama nina homa. Nilidhani nikikupa ile sehemu nitapunguza kitu ndani yangu. Nilikula obusuma, ule ugali wetu, na mchuzi peke yake, na nyama ikanishinda.

Nakwambia haya nikijua kuna swali utaniuliza: Baba, wewe ulikuwa hujui maana yake? Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mtaa huu.

Bibi yako, yule uliyepewa jina lake, hakujua kusoma. Nilipopata nafasi ya kidato cha kwanza tulikwenda naye ofisi ya chifu kutia sahihi fomu ya msaada wa karo. Ofisi imejaa wavulana wenzangu na baba zao. Karani akamshika kidole gumba, akakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, bila kumwangalia usoni. Mama akatoka nje akijaribu kufuta wino kwenye majani, haukutoka, akaufuta kwenye gauni lake, lile la kanisani. Mimi nikatangulia mbele. Nilitembea haraka ili wale wavulana wasijue ninatembea na nani. Akaniita nyuma, "Baba, ningojee." Nilisikia vizuri sana na sikugeuka. Tulifika nyumbani nimemwacha mbali, akaingia, akanipikia, na hakulitaja jambo hilo mpaka anakufa.

Nimekuita mama tangu siku uliyozaliwa kwa sababu ya jina lake. Na wewe, bila mtu kukusimulia habari hii, ukaenda mwenyewe Khayega kukaa kwenye benchi na wanawake kama yeye na kuwafundisha kwa maharagwe. Nikakutoa. Sina namna ya kuliandika hili likaonekana zuri.

Wiki tatu zilizopita nilishuka Khayega kununua mbegu. Kukhu Mmbone akaniona kabla sijamwona.

"Mwarimu, huyo mtoto wako aripona?"

Nikasema umepona. Akafurahi, akamwambia mwenzake muuza nyanya, "Nilikuambia Mungu hawezi lala." Nikauliza kama bado anakwenda darasani. Akasema hapana, wale wengine wanakwenda, Madam bado anafundisha kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi, lakini wanafunzi ni wengi na Madam macho yanamsumbua. "Mimi nilisema ningojee mtoto apone." Nikauliza habari za shamba. Akaniambia waligawa mwaka jana. "Nilitaka kuandika. Lakini nilikuwa sijafika mwisho, na karani ana haraka. Nikampatia kidole." Alinionyesha kidole chenyewe, akacheka, akanichagulia ndizi za kukuletea. Ndizi hizo ulizila. Nilikwambia ni za njiani.

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Watu walikuwa wawili tu. Nilinunua mbegu nikarudi.

Hata hivyo si kukhu pekee aliyenifanya niketi hapa leo. Ni maneno yako. Siku ile tunajaza fomu ya kozi, nilitarajia uandike ualimu. Ulikuwa ukisema ualimu tangu ukiwa na meno ya maziwa, ukawapanga wanasesere ukutani na kuwachapa kwa kijiti. Ukaandika ununuzi na ugavi. Nikakuuliza kwa nini, nawe hukuinua macho.

"Baba, mimi siwezi kufundisha. Nilijaribu. Wale kina mama walichoka na mimi mpaka darasa ikakufa, wakaona haya kuniambia."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Neno moja tu lingetosha. Nikasema, "Ni kozi nzuri, ina kazi."

Kati ya yote niliyosema na kuandika kwa uongo, pamoja na zile Jumamosi kumi na moja, hiyo ndiyo sentensi ambayo ningetoa chochote niirudishe mdomoni. Uliamini umeshindwa kazi uliyoiweza, ukayapanga maisha yako juu ya imani hiyo, nami nikiwa nimeketi karibu nawe nikikoroga chai.

Jana nilipokagua faili lako la vyeti niliona kimoja hakipo. Nikakikuta kwenye droo yako, chini ya sweta ya shule, na beji yake. Cha shule ya msingi umebeba, hata kile cha kuimba cha darasa la tano. Cha huduma umekiacha. Sikukuuliza. Nimejua kwamba muda huu wote hukusahau nilichokifanya na kile kijitabu, na ukaamua kuninyamazia kama bibi yako alivyoninyamazia. Naomba usiendelee. Nyinyi wawili mmenivumilia vya kutosha, na mimi uvumilivu huo haukunifanya mtu bora.

Kuhusu kozi: unajua chuo kinaruhusu kubadilisha katika wiki za kwanza, kisha mlango unafungwa. Sisemi ubadilishe. Nimeshaamua mengi yasiyo yangu. Pengine ununuzi na ugavi utaupenda, na siku moja utanicheka kwa barua hii ndefu. Ila uchague ukijua kwamba hakuna mama hata mmoja aliyechoka nawe. Madam Ingasia aliniuliza habari zako mara nne kabla sijaanza kukwepa simu zake. Na kuna mtu Khayega ambaye hakutaka nusu ya jina lake imaliziwe na mwalimu mwingine.

Kwa Madam na kwa kukhu nitakwenda mwenyewe, niseme hukuumwa hata siku moja na kwamba aliyewadanganya ni mimi. Kijitabu nacho, ulichorudishiwa pamoja na cheti, nitakipeleka shuleni kwako, niwaambie ni kurasa zipi za kweli. Watanifanya watakavyonifanya. Si kazi yako kunitetea.

Sasa niseme na hili la mwisho, maana nimejikamata. Mpango wangu ulikuwa barua hii niiweke chini ya blanketi ndani ya sanduku, uikute Meru. Baadaye nikajirekebisha, nikasema nitakupa stendi kesho, basi likianza kuondoka. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usije ukaharibu siku ya mwisho nyumbani. Uongo mwingine huo. Nilitaka tu niwe mbali nawe wakati unasoma. Na tangu saa saba nimekuwa nikiandika taratibu, nikikumbuka kila kikombe na kila kalamu, kwa sababu leo ni Jumamosi, darasa limeanza saa nane, na nikichelewa vya kutosha saa kumi itafika kabla sijamaliza na hutakuwa na uamuzi wa kufanya.

Saa inaonyesha nane na dakika thelathini na tano. Pikipiki kutoka hapa hadi Khayega haimalizi nusu saa. Ukitaka kwenda, nenda. Ukitaka nije nawe nisimame nje, nitasimama. Ukitaka nisikuguse wala nisikusemeshe leo, nitaelewa, na kesho nitakubebea sanduku hadi stendi kimya kimya. Ukitaka kunipigia kelele, piga, mama yako hatakuzuia, yuko upande wako tangu zamani.

Naiacha kalamu. Nakuja jikoni nikuwekee hii mkononi, na nitabaki nimesimama hapo mbele yako unaposoma.

Baba yako